Mrejesho: Kitabu cha sayansi cha kusoma kwa raha kwenye kemia ya mwaka wa kwanza

Wakuu, niliuliza kama vitabu vya sayansi vya kusoma kwa raha vinafaa kufundishia kemia ya mwaka wa kwanza chuoni. Nimetumia The Disappearing Spoon cha Sam Kean (2010), na kimesaidia kweli. Kile kijiko kinachotajwa kwenye jina la kitabu, cha metali iitwayo galiamu, kinachoyeyuka kwenye chai kiliwafanya wanafunzi waulize wenyewe: mbona galiamu inayeyuka kwenye nyuzi 29.8 za Selsiasi, ilhali alumini, jirani yake wa kundi moja kwenye jedwali la elementi, hungoja 660? Hapo ndipo nikaingiza somo la vifungo vya atomi, darasa likiwa macho kabisa! Ila kwenye hesabu za moli (kipimo cha kiasi cha dutu), kitabu hakikusaidia. Huko ni mazoezi tu. Aliyeshauri wanafunzi wahakiki madai ya kitabu kwa milinganyo, ahsante sana. Muhula ujao naanza na hilo.