Haidroliki SI mafuta ya breki! Wauza spea na mafundi, mtatuua

Wakuu, salaam. Uzi huu nauandika kwa hasira, na naomba kila mwenye duka la spea au gereji ausome hadi mwisho.

Nina Land Rover 109 Series III ya mwaka 1978. Baba aliinunua mnadani, na tangu hapo imebeba mahindi, maharusi, misiba na wajawazito wa kijiji chetu huku Usambara. Sasa hivi iko juu ya mawe, magurudumu yote manne nje. Haijapata ajali wala injini haijafa. Imefikishwa hapo na chupa moja ya nusu lita.

Mwezi uliopita klachi ilianza kusumbua. Unakanyaga, gia haiingii mpaka upampu mara tatu. Nikaipeleka kwa fundi, akakuta slevu silinda, ile silinda ndogo ya chini inayosukuma klachi, inavuja. Akabadilisha raba, kisha akaniambia, "Kaka, agiza haidroliki. Ya klachi na ya breki ni moja." Kwamba ni moja alisema kweli, maana klachi na breki za gari hili zinatumia mafuta ya aina moja. Sumu ilikuwa kwenye neno "haidroliki", ambalo dukani linaweza kuwa mafuta yoyote yanayosukuma kwa presha. Kijana niliyemtuma dukani alikwenda na neno hilo hilo, na muuzaji bila kuuliza ni ya gari gani wala ya kazi gani akamjazia chupa ya maji ya kunywa kutoka kwenye dumu. Mafuta mekundu! Ya gia boksi ya otomatiki na pawa stelingi!

Yalipoletwa gereji nilikuwepo. Niliona wekundu ule nikauliza. Fundi akanijibu, "Hiyo ndiyo orijino, bosi." Akamimina kwenye kikopo cha klachi, akatoa upepo ulionaswa kwenye mabomba, na kilichobaki akaongezea kwenye kikopo cha breki. Mimi nikanyamaza kwa sababu yeye ndiye fundi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Siku ya nne tulikuwa tunateremka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Anayeijua ile barabara anajua kona zake na makorongo yake. Nyuma nina magunia ya karoti, pembeni yangu baba, na katikati binti yangu wa miaka tisa. Kabla hatujafika Soni pedali ya breki ikawa ngumu, imesimama juu kabisa, na gari likawa zito ingawa tuko kwenye mteremko. Nikasikia harufu ya kuungua. Baba akasema, "Simamisha, breki zimeng'ang'ania." Nikakanyaga, na safari hii pedali ikazama hadi sakafuni. Nikataka kurudi gia ya kwanza, klachi nayo ikagoma.

Kilichotuokoa ni gia ya pili niliyokuwa nayo na handibreki. Handibreki ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Inashika propela shafti, ule mtaimbo unaopeleka nguvu kwenye magurudumu, nyuma ya gia boksi, na inavutwa kwa vyuma, bila mafuta hata tone. Haikutengenezwa kusimamisha gari linalotembea, lakini siku ile niliivuta kidogo kidogo huku gari likijigonga kwenye ukingo wa udongo, mpaka likasimama. Binti yangu alikuwa ameshika mkono wa babu yake kwa mikono miwili. Hakulia. Alilia usiku.

Sasa nieleze kilichotokea ndani, kwa sababu muuzaji alinicheka nilipomrudia. Raba za masta silinda, ile inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali, na za silinda za magurudumu kwenye magari haya zimetengenezwa ziishi kwenye mafuta ya glikoli, yale yanayoandikwa DOT 3 au DOT 4. Mafuta ya madini, yaani yanayotokana na mafuta ghafi, yawe ya gia boksi, ya injini au ya trekta, yanaingia ndani ya raba hizo zikavimba na kulainika. Kwenye masta silinda kuna kitundu kidogo ambacho mafuta hupitia kurudi kwenye kikopo unapoachia pedali. Raba ikivimba inakiziba. Mafuta hayarudi, breki hazikuachii, viatu vya breki vinasugua dramu, ile bakuli ya chuma inayozunguka na gurudumu, muda wote, joto linapanda mpaka mafuta yanachemka. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Ndiyo maana pedali ilianza kwa kugoma na ikaishia sakafuni.

Muuzaji anasema, "Haidroliki ni haidroliki, hata trekta inatumia." Trekta ina raba zake! Wapo watakaokuja hapa kuniambia kwamba Citroën DS inatumia mafuta ya madini mpaka kwenye breki. Kweli, kuanzia mwishoni mwa mwaka 1966 DS zilianza kutumia LHM ya kijani, na raba zake zilibadilishwa ziendane nayo. Ukimimina DOT 4 kwenye DS hiyo unaiua vile vile. Gari ndilo linaloamua.

Na fundi? Nilipompigia akasema, "Lete tumwage, tuweke mengine." Haiwezekani! Raba iliyokwisha kunywa mafuta hairudi kuwa raba. 109 ina silinda mbili kwa kila gurudumu la mbele na moja moja nyuma, jumla sita. Ongeza masta ya breki, masta ya klachi, slevu iliyotoka kutengenezwa, na mipira yote inayopitisha mafuta: miwili ya mbele, mmoja wa nyuma, mmoja wa klachi. Vyote vinabadilishwa. Mabomba ya chuma yanasafishwa kwa spiriti, yanapulizwa mpaka yakauke. Na hapa mafundi nawaomba kwa heshima zote: acheni kuosha vikombe vya raba kwa petroli au dizeli. Nimeona gereji tatu zikifanya hivyo, na madhara ni yale yale ya chupa nyekundu, ila polepole.

Kuna aliyenishauri niweke DOT 5 kwa kuwa tano ni kubwa kuliko nne. DOT 5 ni silikoni, ya zambarau, ni kitu kingine kabisa na haichanganywi na glikoli. Sifa zake ninazijua: hainywi maji na haibabui rangi ya gari. Lakini maji yakiingia yanakusanyika sehemu za chini na kula chuma pale pale, na upepo kuutoa ni kazi. Ile 5.1, licha ya jina, ni glikoli. Mimi narudi DOT 4. Ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 230 za Selsiasi au zaidi, DOT 3 ni 205. Zikishanyonya maji kiwango hicho kinashuka, 155 kwa DOT 4 na 140 kwa DOT 3, na kwa mteremko wa Lushoto hizo nyuzi ni uhai wa watu.

Na zinanyonya kweli. Glikoli huvuta unyevu wa hewani. Halafu unaingia gereji ya Tanga, joto lile na upepo wa bahari, unakuta kopo la breki fluidi limezibwa kwa tambara tangu mwaka jana! Mteja anauziwa nusu yake kana kwamba ni mpya. Nunueni chupa ndogo yenye lakiri, ifunguliwe mbele ya macho yenu, na ikibaki msiihifadhi.

Kabla hujaruhusu mtu amimine chochote, chukua kifuniko cha chupa, weka maji, dondoshea tone la hayo mafuta, ukoroge. Glikoli inachanganyika na maji ikapotelea humo. Ikielea kama mafuta ya kupikia, hiyo si DOT 3 wala DOT 4, mfukuze aliyekuletea. Tone moja tu. Lingenitosha mimi.

Duka limekataa kurudisha hata shilingi. Fundi hapokei simu. Baba, ambaye kwa miaka yote alikuwa akitoa upepo mwenyewe, mama akimkanyagia pedali, ananiuliza kila asubuhi gari limefikia wapi.

Raba za masta zote mbili na mipira minne nimepata. Kinachonikwamisha ni silinda za mbele kushoto, zote mbili, kuta zake zimechimbika kwa kutu na hazifai kuwekewa raba mpya. Aliyeziona popote, Arusha, Moshi, Dar au Mombasa, zikiwa mpya au nzima za kutolewa kwenye gari lingine, aniandikie hapa chini. Nauli ya kuzifuata ninayo.