Mrejesho: Filta mpya ya hewa na programu ya injini

Wakuu, narudi na majibu kama nilivyoahidi. Niliuliza kama lori langu la dizeli lenye tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) linahitaji kupangwa upya programu ya kompyuta ya injini baada ya kuweka filta ya hewa isiyo ya kiwandani, ile ya pamba inayopakwa mafuta. Lilikuwa limepungua nguvu mlimani na taa ya injini inawaka.

Programu haikuguswa. Fundi alichomoa sensa ya kupima hewa akanionyesha kwa tochi: kile kiwaya chembamba cha ndani kilikuwa kinang'aa mafuta, na vumbi limeganda juu yake. Kosa langu. Nilipoiosha filta niliipaka mafuta mengi mno, nikaifunga bila kuiacha ikauke. Sensa ikawa inasoma hewa kidogo kuliko inayoingia, na kompyuta ikabana dizeli. Tulisafisha kwa dawa ya kupuliza ya sensa (usiguse kwa kitambaa, kiwaya kinakatika), tukafuta msimbo wa hitilafu kwenye kompyuta, na nguvu zikarudi siku ileile.

Filta inayokaa kwenye boksi lilelile haidai programu mpya, kwa sababu sensa inapima hewa yoyote inayopita. Ukibadilisha bomba zima la kuingizia hewa, hasa kipenyo pale sensa inapokaa, hapo hesabu inaharibika na programu lazima irekebishwe.

Mimi nimerudisha filta ya karatasi. Njia zangu ni za vumbi, na karatasi inalikamata vizuri zaidi. Asanteni sana mliosema nianze na sensa.