Mjadala: Binti aliyepita JKT, ndoa na mtoto vimfungie mlango wa ajira za majeshi?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi yamekuwa yakitaka mwombaji awe hajaoa wala kuolewa, na asiwe na mtoto. Sasa mpigieni binti hesabu. Anamaliza kidato cha sita akiwa na miaka 19 hivi, anaripoti kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), iwe Ruvu, Mlale au Bulombora, anakaa miezi mitatu, kisha chuo. Shahada ya miaka mitatu inamtoa na 22 au 23. Aliyesoma udaktari ana mitano darasani na mmoja wa mafunzo kazini, tayari 25 au 26, na jeshi la ulinzi, JWTZ, kwenye matangazo ya karibuni wanakomea 27 kwa mwenye shahada. Umri huohuo ndio nyumbani wanauliza mchumba yuko wapi. Naona sharti la mtoto lifutwe, libaki la ujauzito wakati wa mafunzo tu.

Kombania B
Tusichanganye mambo. Kuna JKT ya mujibu wa sheria, hiyo miezi mitatu, na kuna ya kujitolea, miaka miwili. Wote wanaambiwa tangu mwanzo kuwa JKT haitoi ajira. Cheti kinakupa sifa ya kuomba, basi.

Na sharti lina maana yake. Chukua mtoto wa miezi minane, bado ananyonya, mama yuko depo, yaani chuo cha mafunzo ya polisi, Moshi. Simu hana, ruhusa ya kutoka hana. Akisikia mtoto amelazwa, atatoroka, na kuruta mtoro anafukuzwa. Nafasi yake haijazwi katikati ya kozi. Halafu sharti linawahusu wanaume pia.

Sheria Mkononi
Someni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kifungu cha 2 kinayatoa majeshi kwenye sheria hiyo, ndiyo maana wengi huishia hapo na kusema haiwahusu. Endeleeni kifungu kidogo cha (3): vifungu vya 5, 6 na 7 vinawahusu hata wao. Cha 7 ndicho kinachokataza ubaguzi, na kinataja kwa majina jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia.

Kombania B
Mkuu, malizia kifungu. Hichohicho cha 7 kinaruhusu kuchagua kwa kigezo ambacho ni hitaji la msingi la kazi.

Sheria Mkononi
Sawa, ila hitaji la msingi linathibitishwa, halidhaniwi. Kukimbia ni hitaji: mpime mbio. Kukaa depo bila kutoka ni hitaji: asaini kwamba mtoto ana mlezi, akitoroka afukuzwe kama mtoro mwingine yeyote. Kutokuwa na mtoto hakumfanyi mtu alenge shabaha vizuri.

Mkunga wa Zamu
Niongeze upande wa mwili, maana hapa watu wanabishana kama vile kujifungua ni mafua. Aliyejifungua juzi asipelekwe kwenye kwata. Wiki sita zinatosha kwa kliniki, hazitoshi kwa mchakamchaka wenye silaha mgongoni. Aliyepasuliwa anahitaji muda zaidi, na anayenyonyesha akikosa chakula cha kutosha damu inashuka. Pima wingi wa damu, presha, misuli ya tumbo na nyonga.

Lakini hata ambaye hajazaa huumia, na sababu ni nyingine kabisa: mzigo unaoongezwa ghafla, madini ya chuma kidogo, na hatua ndefu. Kwata ya asili ya Kiingereza ina hatua ya inchi 30. Binti mfupi akiburuzwa kuifuata wiki hadi wiki, mfupa wa nyonga unaweza kupata ufa. Panga wafupi mbele ndio watoe mwendo. Dawa ni rahisi hivyo, na haihusiani na cheti cha ndoa.

Mleta mada
Kombania B, umesema sharti ni la wote. Mwanaume mwenye watoto wawili anajaza "sina", nani atampima? Binti anavuliwa nguo mbele ya daktari, kovu la upasuaji na michirizi vinamsema. Karatasi ni ileile, ila anayeshikwa ni mmoja.

Jirani zetu Kenya, tangazo la jeshi lao la ulinzi, KDF, humtaka msichana asiwe mjamzito siku ya usaili na kipindi chote cha mafunzo. Na kule ndiko Fatuma Ahmed, aliyeingia jeshini 1983, alifika Meja Jenerali 2018, kisha 2024 akakabidhiwa Jeshi la Anga.

Kombania B
Hapo kwenye kupimwa nakubali, ni pengo. Ila mnaotaka mama asaini kwamba mtoto ana mlezi, semeni nani atakwenda kumhakiki mlezi huyo huko kijijini: OCD, mkuu wa polisi wa wilaya? Mtendaji wa kata? Wakati huo anayesubiri tangazo asikimbilie kubadili jina la ukoo. Kitambulisho cha taifa cha NIDA, vyeti vya shule na cheti cha JKT visipofanana, anachujwa kabla ya usaili.

Mkunga wa Zamu
Mtendaji anatosha, ndiye anayewaandikia barua ya utambulisho sasa hivi. Na aliyeolewa, hana mtoto, afya safi, ana miaka 23? Huyo bado hamjampa sababu ya kukataliwa.