Mwanafunzi wa uzamivu alazimishwe andiko la biashara kabla ya kutetea tasnifu?

Chachandu (mleta mada):
Wadau, salaam. Vyuo siku hizi vinapigia debe uzamili, utafiti na ujasiriamali kwa pumzi moja, na kuna wanaotaka mwanafunzi asitetee tasnifu mpaka aambatanishe andiko la biashara: nani atanunua, atafikiwaje, faida itoke wapi. Mimi naunga mkono asilimia mia. Tumechoka na tasnifu zinazosomwa na watu wanne, yaani mwandishi, msimamizi na watahini wawili. Tazameni Google. Larry Page na Sergey Brin walisoma uzamivu pale Stanford, wakahitimu, wakafungua kampuni, na leo nani hawajui? Karibuni tujadili bila matusi. Wale wa miaka saba na tasnifu haijaisha, kwa uvivu wenu tu, kaeni pembeni kwanza.

Kiroboto wa Maktaba:
Hawakuhitimu, mkuu. Waliomba likizo ya masomo na mpaka leo hawajarudi. Kwa hiyo mfano wako wa kuhamasisha watu wasome uzamivu ni watu wawili waliouacha. Haya, endelea.

Chachandu:
Unadandia vijineno. Wamemaliza hawajamaliza, utafiti ulizaa pesa.

Binti Sakina:
"Kwa uvivu wenu tu." Kaka, hapo umenigusa pabaya. Sura ya pili nilimkabidhi msimamizi mkononi. Ikakaa weee. Iliporudi ina duara la kitako cha kikombe kwenye jalada, na ndani maoni mawili tu, yote kwenye aya moja: juu "panua", chini "punguza". Nikauliza nifanye lipi, nikaambiwa nitumie akili ya kitafiti. Sasa juu ya hapo niandike na biashara?

Nahodha:
😂😂 Panua-punguza! Wa kwangu huandika "?" peke yake pembeni. Hujui anauliza nini, wala anamuuliza nani.

Mzee Kalamu:
Wanangu, nimesimamia wanafunzi miaka mingi, na kutulaumu sisi ni kazi nyepesi. Hamsemi habari ya mwanafunzi anayepotea, simu hapokei, halafu anaibuka na sura ambayo mwandiko unabadilika katikati ya sentensi, na viungo vya intaneti bado vina rangi ya bluu. Hata kufuta bluu kumemshinda! Hiyo ndiyo nisome usiku kucha?

Binti Sakina:
Shikamoo mzee. Mimi sijanakili cha mtu. Nazungumzia sura iliyokaa mezani, wewe unanijibu habari za bluu.

Mzee Kalamu:
Marahaba, binti. Sijakutaja. Ila aliyeguswa kaguswa.

Nahodha:
Mzee kaingia kwa miguu miwili 🙆

Pwani ya Chumvi:
Jamani, turudi kwenye mada. Kule Alicante, Hispania, alikuwepo mwanafunzi wa uzamivu anaitwa Francisco Mojica, akichunguza vijidudu vya kwenye mabwawa ya chumvi. Akakuta vipande vya vinasaba vinavyojirudia kwa mpangilio wa ajabu, akachapisha 1993. Aling'ang'ana na kitu hicho miaka, na alipokuja kueleza kwamba ni kinga ya vijidudu dhidi ya virusi, majarida makubwa yakamkatalia, mpaka 2005 ndipo makala ikatoka. Ndio msingi wa CRISPR, teknolojia ya kuhariri jeni iliyowapa wanasayansi Charpentier na Doudna Nobeli 2020. Mleta mada, nisaidie: mwaka 1993 angeandika mteja wake ni nani? Si angeambiwa abadilishe mada atafute kitu cha kuuzika?

Chachandu:
Wewe naye umetuletea chumvi. Huyo ni mmoja. Wangapi wamechunguza vijidudu na hakikutoka kitu?

Pwani ya Chumvi:
Na wangapi wameandika maandiko ya biashara na haikutoka biashara? Mbona hao huwahesabu?

Nahodha:
Mzee Kalamu, umesema usiku kucha. Unasoma usiku kweli au ni lugha ya picha?

Kiroboto wa Maktaba:
Mimi nina swali la pesa, maana ndizo mleta mada anazozipenda. Hataza, yaani haki ya kumiliki ugunduzi, ya ule mfumo wa kupanga kurasa wa Google haikuwa ya Page. Ilikuwa ya Stanford. Chuo kikapewa hisa, na kilipoziuza 2005 kikatia kapuni dola milioni 336. Marekani wana sheria ya 1980 inayoviruhusu vyuo kumiliki ugunduzi hata kama hela ya utafiti ilitoka serikalini. Uswidi kinyume chake, mhadhiri ndiye mwenye ugunduzi wake. Ujerumani nao walikuwa hivyo, wakafuta 2002. Hili andiko mnalotaka lilazimishwe litakuwa la nani?

Chachandu:
Milioni 336! Si ndicho ninachosema tangu asubuhi?

Kiroboto wa Maktaba:
Nimeuliza la nani.

Mzee Kalamu:
Hapo hapana utata. Wazo linakomaa mikononi mwa msimamizi. Jina lake lazima liwemo, na kama kuna hisa, naye awe na chake. Mwanafunzi alikuja hajui hata kuandika swali la utafiti.

Binti Sakina:
Ahaa. Kumbe tumefika.

Kiroboto wa Maktaba:
Jocelyn Bell, mwanafunzi wa uzamivu Cambridge, 1967. Yeye ndiye aliyekagua karatasi za mitambo akaona kijialama ambacho wengine wangekipita. Zikawa ni pulsa, yaani nyota zinazotuma mawimbi ya redio kwa mapigo. Nobeli ya 1974 akapewa msimamizi wake, Hewish, pamoja na Ryle. Mzee unataka tuongeze na hisa?

Mzee Kalamu:
Na mama huyo mwenyewe hakulalamika. Someni vizuri.

Pwani ya Chumvi:
Hakulalamika, ila alipopewa tuzo ya dola milioni tatu 2018, zote alizitoa ziwasomeshe wanafunzi wa uzamivu wa fizikia kutoka makundi yaliyoachwa nyuma. Hakudai asilimia kwa yeyote.

Chachandu:
Mnanitoa kwenye reli. Mimi nimeuliza habari ya andiko, nyie mnagawana urithi.

Binti Sakina:
Subiri kaka, huu ndio utamu wenyewe. Mzee wangu, kwa heshima zote, hicho "chake" cha msimamizi kinahesabiwaje? Na ile miezi sura ilipokuwa imekaliwa na kikombe nayo imo?

Mzee Kalamu:
Binti, swali lako linataka utulivu. Nitalijibu kesho.

Nahodha:
Kesho ya msimamizi! Dada, anza tu na sura ya tatu.