Imeili ya ofisini imejaa "restructuring" na "redundant", naomba mnifafanulie kabla ya kikao cha Jumatatu

Mama_Stoo: Wakuu habari za leo, naomba msaada wenu wa haraka. Niko stoo kwenye kampuni moja ya usambazaji hapa Dar, mwaka wa 12 sasa. Juzi tumetumiwa imeili wote, kizungu kitupu, na wa kumuuliza hakuna maana hata supavaiza wetu anasema subirini kikao. Kiingereza cha stoo sibabaiki nacho, delivery note, stock count, hayo yote nayajua, ila hiki ni kingine kabisa. Nanukuu vipande: "following a strategic review", "streamline operations", "the warehouse function will be outsourced", "some positions will become redundant", "redeployment where possible", halafu mwishoni "employees may opt for a mutual separation agreement". Jumatatu tunaitwa mmoja mmoja. Hapa nimeshafukuzwa au bado? Na hiyo agreement wakiniletea nisaini? Nina watoto wawili shule na mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, usingizi sipati.

Kijana wa Mbagala: Dada hapo mshaachishwa hao wanazunguka tu, chukua hela yao uende ukafungue biashara. Kampuni ikishaanza kuandika hivyo ujue basi tena.

HR_Mstaafu: Pole sana dada, na usimsikilize huyo wa juu, bado hujaachishwa. Nimekaa idara ya rasilimali watu miaka mingi, barua za hivi nimeandika na nimepokea watu wakilia mezani kwangu, ngoja nikueleze taratibu.

Strategic review ni kwamba wakubwa wamekaa wakaangalia kampuni inavyoendeshwa, hapo hakuna la kukutisha. Streamline ni kupunguza hatua na watu ili gharama zishuke, hilo ndo la kuangalia, ni ndugu na downsizing na rightsizing, ukiona lolote kati ya hayo ujue kuna watu watapungua hata kama barua imejaa tabasamu. Outsourced ni kwamba kazi ya stoo itaendelea kuwepo ila itafanywa na kampuni nyingine ya nje, kwa hiyo kazi haifi, anayebadilika ni mwajiri. Uliza kama huyo mpya atawachukua nyie au atakuja na watu wake, na kama atawachukua je ile miaka yako 12 inahesabiwa au unaanza sifuri, hapo ndipo watu wengi wanapoumia.

Redundant ndo neno lenyewe. Linasemwa juu ya nafasi, maana yake kiti kimeondolewa, haina maana umeharibu kazi. Kwa hiyo hawawezi kukuandikia kosa la nidhamu. Kwa sheria yetu hapa Tanzania kuachisha kwa namna hiyo kunaitwa retrenchment, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atoe notisi ya nia yake, aeleze sababu, aeleze amefanya nini kuepuka au kupunguza idadi ya watakaoondoka, aeleze atachagua vipi na lini, na ashauriane na nyinyi au chama chenu. Kama mna tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, hapo kazini nenda leo leo usingoje Jumatatu.

Redeployment ni kuhamishiwa nafasi nyingine ndani ya kampuni. Hili usilidharau dada, maana ukikataa nafasi mbadala bila sababu ya maana unaweza kupoteza kiinua mgongo chako.

Mama_Stoo: Ahsante sana baba angu, angalau nimepumua. Hicho kiinua mgongo kinahesabiwaje? Na hujanijibu ile ya mutual.

HR_Mstaafu: Kiinua mgongo hicho, kwa kizungu severance pay, kwa kiwango cha chini cha sheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, ila mwisho miaka 10. Kwa hiyo hata ukiwa na 12 utahesabiwa 10, siku 70. Mbali na hiyo kuna notisi, kwa mnaolipwa kwa mwezi haipungui siku 28 au walipe hela badala yake, kuna likizo ambayo hujaenda, na cheti cha utumishi. Kampuni inaruhusiwa kutoa zaidi ya hapo na wengi wanatoa mkiongea vizuri kama kundi.

Wakili_Msomaji: Niingie hapo kwenye mutual separation agreement kwa sababu ndipo pa hatari. Mutual ni makubaliano ya pande mbili. Ukisaini umekubali mwenyewe kuondoka, sio wao wamekuachisha, na kwenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, baadaye kulalamika kwamba umeachishwa isivyo halali inakuwa kibarua kigumu sana. Tafuta ndani yake maneno "full and final settlement", yanamaanisha hutadai kitu kingine chochote baada ya hapo. Sisemi usisaini kabisa, kuna wakati hela yao ni nzuri kuliko ya sheria, ila linganisha kwanza tarakimu kwa tarakimu. Pia angalia "effective date", hiyo ndo tarehe mambo yanaanza, na "with immediate effect" ni kuanzia muda huo huo. Ukiachishwa na unaona umeonewa una siku 30 za kupeleka shauri CMA, zinapita haraka sana watu wakiwa bado wanazunguka kwa ndugu kuomba ushauri.

Otieno_Nakuru: Pole sana dadangu. Huku Kenya sheria yenyewe inatumia hilo neno redundancy, Employment Act ya 2007, na severance ni si chini ya siku 15 kwa kila mwaka umemaliza, na notisi ya mwezi mmoja kwa union na kwa labour officer. Nasema hivi kwa sababu watu husoma mambo ya Kenya kwa intaneti wakiwa Tanzania halafu wanaenda mkutano na hesabu si yao, na vice versa. Ukisikia pia "golden handshake" usishtuke, ni malipo ya kukuaga, wafanyikazi wa serikali huku waliyapata miaka ya 90 walipopunguzwa.

Mwl_Kiingereza: Dada nakuandalia za kusema Jumatatu, zifanyie mazoezi kwa sauti: "Is my position affected?" yaani nafasi yangu imo kwenye zinazoguswa? "What are the selection criteria?" yaani mmechagua kwa vigezo gani, wakijibu "last in, first out" ni aliyeingia mwisho anatoka kwanza, kwa miaka yako hiyo ni nzuri kwako. Na hii usiisahau: "I would like time to read this before I sign", yaani naomba muda nisome kabla sijasaini. Halafu huko mbele ukiomba kazi usiandike kwenye CV "I was terminated", yaani niliachishwa kazi, watu wa ajira wakiisoma wanadhani uliiba. Andika "my position was made redundant following a restructuring", yaani nafasi yangu iliondolewa kampuni ilipopangwa upya. Lakini pia una haki ya kuongea Kiswahili humo ndani, usione aibu. Sheria hiyo hiyo inasema kama mfanyakazi haelewi masharti ya ajira yaliyoandikwa, mwajiri ahakikishe anaelezwa kwa namna anayoelewa.

Mama_Stoo: Mungu awabariki wote. Nimeshampigia mtu wa chama, anakuja kukaa na sisi Jumapili mchana stoo nzima tuingie tukiwa na kauli moja. Nimebakiza la mkopo tu.

HR_Mstaafu: Kesho asubuhi nenda benki na mkataba wako wa mkopo, waulize kama una bima na kama inagusa kupunguzwa kazi, mikopo mingine ya mishahara inayo. Bima nyingi zinataka barua inayosema retrenchment au redundancy, ukiwapelekea ya mutual wanaweza kukataa. Sasa hilo uliweke kwenye hesabu kabla hujashika kalamu.