Njombe, Babati au Lushoto: wapi familia ya watu wanne itaishi vizuri kwa gharama nafuu?

Mhamaji_2
Wakuu, salaam. Familia ya watu wanne inahama Dar es Salaam. Watoto ni wawili, mmoja wa miaka 3 na mwingine darasa la nne. Kazi ni ya kompyuta nyumbani. Pango lisizidi 200,000 kwa mwezi. Miji iliyobaki kwenye orodha ni Njombe, Babati na Lushoto. Bei ya nyanya tunaijua. Naomba zile gharama zisizoonekana siku ya kutembelea mji.

Kipima_Uniti
Mkuu, anza na umeme, kwa sababu Njombe na Lushoto ni baridi na baridi inalipiwa. Nyumba iliyo daraja la D1, la watumiaji wadogo wa umeme, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti inayozidi hapo ni 350. Ukijumlisha kodi na tozo inakuwa takriban 122 na 427. Ukizidisha mara kwa mara unahamishiwa T1, daraja la matumizi ya kawaida, ambako uniti zote huanzia 292, yaani karibu 356 na makato yake.

Sasa piga hesabu. Friji, taa, runinga na kompyuta, sema uniti 50 kwa mwezi. Hapo uko D1 na unalipa kama 6,100. Funga hita ya bafuni ya kilowati 5, kila mtu aoge dakika 6: ni uniti 2 kwa siku, 60 kwa mwezi. Jumla inakuwa 110. Ukiwa T1 hiyo ni zaidi ya 39,000. Watu hulaumu mita mbovu kumbe ni hita.

Kuchemsha maji kwenye ndoo kwa umeme hakuokoi kama wengi wanavyodhani. Lita 10 kutoka nyuzi 15 hadi 40 zinakula karibu uniti 0.3. Watu wanne, mwezi mzima, ni uniti 35, na bado umevuka 75. Dawa ni kutoa joto la maji mahali pengine kabisa: kuni, gesi au mtambo wa jua wa kupasha maji.

Banzi_Kavu
Naongezea upande wa Njombe. Mji uko karibu mita 1,900 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti baridi haina mchezo. Kuni zipo tele kwa sababu ya viwanda vya mbao. Mabanzi ya paini ni rahisi kupata. Shida ya paini ni utomvu: moshi wake huganda ndani ya bomba la moshi, bomba linaziba, na masizi yakishika moto paa liko hatarini. Tumia mabanzi yaliyokauka, changanya na kuni za miwati zinazowaka safi zaidi, na safisha bomba mara kwa mara wakati wa baridi. Jiko la mkaa lisilale chumbani mlango ukiwa umefungwa, hata kama mkaa umeshaiva na hautoi moshi. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na inaua familia nzima usingizini.

Jambo la pili ni maharage. Kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 93 au 94 hivi, si 100, kwa hiyo maharage yanachukua muda mrefu na gesi inaisha haraka. Loweka usiku kucha, mwaga maji, pika kwenye sufuria ya presha. Bila presha, mtungi wa kilo 15 uliouzoea Dar utakuangusha mapema.

Unyevu nao ni gharama. Nyumba isiyo na dari, yenye bati tupu, hudondosha maji alfajiri na nguo zinaota ukungu kabatini. Kagua mambo mawili: dari ipo, na madirisha ya sebule yanaangalia kaskazini. Miezi ya baridi jua huwa upande wa kaskazini, hivyo dirisha la kusini halipati jua kabisa wakati unalihitaji.

Maji_Kwanza
Babati ndiyo yenye hali ya hewa rahisi kuliko zote tatu, si joto la pwani wala baridi ya Njombe. Tena ni njia panda: Arusha iko kilomita 170 hivi, barabara ya lami ya Dodoma ni kilomita 250, na ya Singida inapita Katesh. Kwa Dar unaweza kupanda treni ya SGR hadi Dodoma kisha basi.

Ila mwenye mtoto wa miaka 3 aulize maji kabla ya kuuliza pango. Ukanda huu ni Bonde la Ufa na baadhi ya visima vina floraidi nyingi, madini yanayotia meno madoa yakizidi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kudumu hutengenezwa ndani ya ufizi hadi kama miaka 8, kwa hiyo mtoto wa miaka 3 yuko katikati ya hatari. Madoa ya kahawia yakishatokea hayasafishiki kwa mswaki. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Kunaiongeza, maana maji yanapungua na madini yanabaki. Visima vinatofautiana sana hata vikiwa jirani, hivyo uliza chanzo cha bomba la nyumba hiyo hasa, na mamlaka ya maji ikuoneshe majibu ya vipimo. Magadi ya kulainishia maharage pia yana floraidi. Kwa mtoto yaache, hata mkienda Njombe.

Suluhisho la bei nafuu ni maji ya mvua ya kunywa na kupikia tu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita ya mraba 1 ni lita 1. Bati la mita za mraba 80, mvua ya milimita 700, ukitoa asilimia 20 inayopotea: lita 44,800 kwa mwaka. Watu wanne wakitumia lita 24 kwa siku, kiangazi cha siku 200 kinahitaji lita 4,800. Simtanki la lita 5,000 linatosha, ila kwa shida, na likifuliwa nguo halifiki Oktoba. Weka bomba la kumwaga maji ya kwanza yenye vumbi na vinyesi vya ndege: bomba la inchi 4 hubeba karibu lita 8 kwa mita, kwa hiyo mita 5 zinakupa lita 40 za kumwaga. Pasipo hilo, tangi litanuka ndani ya msimu mmoja.

Msambaa_wa_Juu
Wadau mnaipita Lushoto haraka. Mboga na matunda ni ya kuchagua mwaka mzima, chemchemi ni nyingi, na hali ya hewa ni tulivu kuliko Njombe kwa sababu mji uko chini zaidi, kama mita 1,400. Hita mnaweza kuitumia miezi michache tu.

Kasoro zake ni tatu na nazisema wazi. Barabara ya kupanda kutoka Mombo ni kilomita 33 za kona, na masika udongo huporomoka. Lori refu halifai. Hamisha vyombo kwa Fuso, na usipange kuhama Aprili. Ya pili, nyumba nyingi zimekatwa kwenye mteremko. Zunguka nyuma ya nyumba utazame ukuta unaozuia udongo. Kama hauna vitundu vya kutolea maji, au umeanza kutuna tumbo, usipange hapo hata kwa nusu bei, kwa sababu maji yakijaa nyuma yake ndiyo yanayousukuma. Ya tatu, milima hukata mawimbi ya simu: nyumba moja ina mtandao mzuri, ya ng'ambo ya kilima haina kitu.

Zamu_ya_Usiku
Kwa upande wa afya sikubaliani na kuweka miji hii sawa. Njombe na Babati ni makao makuu ya mikoa, zina hospitali za rufaa za mkoa. Lushoto ni makao ya wilaya. Rufaa ya mkoa ni hospitali ya Bombo, Tanga, na lazima ushuke mlima kwanza. Kutoka Njombe rufaa ya kanda ni Mbeya, karibu kilomita 230, na hospitali ya Ilembula ipo njiani. Babati wana hospitali ya Haydom upande mmoja, na ya KCMC Moshi kwa kupitia Arusha.

Swali la kuuliza hospitali si "mna daktari?" Uliza: upasuaji wa kujifungua unafanyika saa nane usiku? Damu ipo? Oksijeni? Gari la wagonjwa linatoka kwa mafuta ya nani? Majibu hayo yatakueleza kuliko bei ya pango. Malaria ni ndogo Njombe na Babati, lakini mtoto akishakaa huko miaka kadhaa kinga yake hupungua. Likizo ya pwani alale kwenye chandarua bila kukosa.

Mhamaji_2
Nashukuru sana wakuu. Vipi kuhusu kazi ya mtandao, na chakula cha jumla? Nasikia watu hununua mahindi ya mwaka mzima.

Kipima_Uniti
Pima mtandao ndani ya nyumba yenyewe, saa mbili hadi nne usiku, kwa laini mbili za kampuni tofauti. Asubuhi kila mnara una kasi. Umeme ukikatika, kompyuta ya wati 60 na ruta ya wati 10 kwa saa 8 ni wati-saa 560. Betri ya jeli ya 12V, 100Ah, ambayo haifai kushushwa chini ya nusu, inakupa 600. Inatosha kwa shida, kwa hiyo usichomeke friji.

Ghala_Salama
Watu wanne hawamalizi gunia 4 za kilo 100 kwa mwaka. Babati mahindi hushuka bei baada ya mavuno, kuanzia Juni hivi. Mbaazi nazo kuanzia Agosti. Pima ukavu kabla ya kulipa: chupa kavu, mahindi kidogo, chumvi kavu, tikisa dakika chache. Chumvi ikigandia kwenye chupa, mahindi ni mabichi, yataota ukungu wa sumu. Njombe jaribio hili ni la lazima, ukungu wa hewani na baridi huchelewesha kukauka. Hifadhi kwenye mifuko ya tabaka tatu, ikiwa juu ya chaga, mbali na ukuta. Viazi vya Njombe nunua kwa kilo. Gunia la lumbesa halina uzito unaojulikana.

Maji_Kwanza
Kwa familia hii mimi ningechagua Babati kama maji ya nyumba yamepimwa, na Njombe kama hayakupimwa. Lushoto ningeiacha mpaka mtoto akue.

Kabla ya kulipa miezi sita, nunua umeme wa 5,000 kwenye mita ya nyumba hiyo usome risiti. Deni la mpangaji aliyeondoka litaonekana hapo, na kodi ya jengo pia, 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Andikeni kwenye mkataba kuwa 18,000 za mwaka zitapunguzwa kwenye pango.