Ukoo wa Ireland: nilipie RootsIreland, Findmypast, au nimpe kazi mtafiti?

MamaNeema_Worcester
Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Babu yake mume wangu alitoka Ireland akaja Massachusetts, anaitwa John Sullivan. Tunataka kujua kwao, na mume anafikiria kuombea uraia kupitia huyo babu. Nimebaki na njia tatu: kulipia tovuti ya ukoo ya RootsIreland mwezi mmoja, kulipia ile ya Findmypast, au kumlipa mtafiti aliyeko Dublin. Ipi haitanilia hela bure? Nataka nilipe wikiendi hii.

Kipanga
John Sullivan tu, dada? Hiyo ni kama kuingia Kariakoo unamuulizia Juma. Kaunti gani? Mkatoliki au Mwanglikana? Alizaliwa lini? Majina ya wazazi, hasa ukoo wa mama? Bila hayo hata ulipie zote tatu utapata akina John Sullivan mia, na hutajua wako ni yupi.

Shemeji_Wa_Sheria
Kabla hamjafika mbali: ni babu hasa, yaani baba wa mzazi wake, au baba wa babu? Babu aliyezaliwa Ireland anampa haki ya kuomba kuandikwa kwenye daftari la waliozaliwa nje. Akiwa kizazi kimoja nyuma zaidi, haki haipo, isipokuwa mzazi wa mume aliandikishwa kabla mume hajazaliwa. Na watataka cheti cha kiserikali cha kuzaliwa, kilichothibitishwa. Picha uliyochapa kutoka mtandaoni hawaipokei.

Mzee_wa_Faharasa
Mimi RootsIreland, sibadiliki. Ni kazi ya vituo vya ukoo vya kaunti, watu wamekaa wakanakili vitabu vya parokia jina kwa jina. Utamu wake uko hapa: acha jina la mtoto wazi, weka ukoo, jina la baba, na jina la mama na ukoo wake, halafu chagua kaunti. Watoto wote wa nyumba hiyo wanashuka kwa mpigo. Ila hawakupi picha ya ukurasa, na anayenakili hukosea. Ukipata tarehe, nenda tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Ireland ukaangalie kitabu chenyewe. Ni bure tangu 2015, parokia za Kikatoliki zaidi ya 1,000, nyingi zikiishia karibu 1880.

Dotto.K
Mnamchosha bure. Kumbukumbu za Ireland ziliungua zote 1922. Mtafiti au DNA, basi.

Kipanga
Dotto, hiyo hadithi imewakatisha tamaa wengi. Kilichoungua Four Courts, kule Dublin palipokuwa na hifadhi ya kumbukumbu, ni sensa za 1821 hadi 1851 karibu zote, wasia, na zaidi ya nusu ya vitabu vya Kanisa la Ireland, yaani Waanglikana. Vitabu vya Wakatoliki vilikuwa parokiani kwao, na usajili wa serikali ulikuwa jengo jingine. Sensa za 1861 na 1871 serikali iliziharibu yenyewe mapema, na za 1881 na 1891 zikasagwa kuwa karatasi wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Moto hauhusiki.

MamaNeema_Worcester
Samahanini. Ni baba wa baba yake mume. Mkatoliki, kazaliwa miaka ya 1890. Cheti chake cha kifo cha hapa Massachusetts kimeandika wazazi: Daniel Sullivan na Honora Shea. Mahali wameandika "Ireland" tu, ila shangazi anasema Kenmare.

Kipanga
Sasa tunaongea. Kenmare ni kaunti ya Kerry, na Kerry haimo RootsIreland. Mzee kakupigia debe la duka lisilo na bidhaa yako. Ubatizo na ndoa za jimbo la Kikatoliki la Kerry ziko irishgenealogy.ie, bure. Usajili wa serikali uko hapo hapo na picha zake: kuzaliwa kuanzia 1864 hadi miaka 100 iliyopita, ndoa hadi miaka 75, vifo hadi 50. Weka wilaya ya usajili Kenmare, miaka 1888 hadi 1900. Tafuta Sullivan na O'Sullivan, maana hiyo O' ilivaliwa na kuvuliwa. Fungua kila picha, usiridhike na orodha, kwani ukoo wa mama na kitongoji viko kwenye picha.

Mzee_wa_Faharasa
Sikuambiwa Kerry! Kwa Tipperary au Mayo ushauri wangu uko palepale.

BintiPwani
Tarehe zisikutishe. Mtoto alitakiwa kusajiliwa ndani ya siku 42, aliyechelewa alitozwa, kwa hiyo wazazi wengine walitaja siku ya kuzaliwa ya baadaye kuliko ya kweli. Ndiyo maana unakuta mtoto kabatizwa wiki mbili kabla ya "kuzaliwa". Amini ubatizo. Na parokiani majina ni ya Kilatini: Honora utamkuta Honoria, John ni Joannes, Jeremiah wa Kerry anaweza kuwa Demetrius.

Shemeji_Wa_Sheria
Kuhusu mtafiti wa kulipwa, kuna familia moja ya Boston iliyokabidhi kazi nzima kwa mtu. Simtaji. Walimpa jina, mwaka na Kerry, akawaletea ubatizo safi, wasimamizi wamo, na mti wa vizazi vitatu juu yake. Wakaagiza cheti, wakaanza maombi. Kumbe karibu na kitongoji hicho walikuwepo watoto watatu wa jina moja, wamepishana miaka minne, wote binamu. Desturi ilikuwa mwana wa kwanza apewe jina la babu mzaa baba, kwa hiyo ndugu watatu walimpa kila mmoja mwanawe jina la mzee yule yule. Mtafiti alichukua aliyekaribiana na umri wa kwenye orodha ya abiria wa meli. Hakulinganisha ukoo wa mama na cheti cha ndoa cha Massachusetts, ambacho huandika wazazi wa bwana harusi. Mama wa kwenye ubatizo alikuwa mwingine kabisa. Vizazi vitatu, vyote vya binamu, na malipo hayakurudi.

Dotto.K
Ndiyo maana nasema DNA.

Kipanga
DNA ingewaonyesha ni ndugu wa hao hao binamu. Isingewatenganisha kirahisi.

BintiPwani
Mama Neema, angalia na sensa ya 1911, bure pia. Mke aliulizwa ana miaka mingapi kwenye ndoa, kazaa watoto wangapi hai na wangapi wangalipo. Kama Honora kaandika ndoa miaka 22, tafuta ndoa kuanzia 1887 hadi 1890. Umri wenyewe usiutegemee: pensheni ya wazee ilianza kulipwa Januari 1909 kwa waliofika 70, na wapo waliozeeka miaka 15 kati ya sensa ya 1901 na 1911.

Mzee_wa_Faharasa
Hapo tusiwaite waongo. Wengi hawakuujua umri wao, wakakadiria.

Dotto.K
Wote wakakadiria kwenda juu, mzee?

MamaNeema_Worcester
Nimewapata wawili Kenmare, wote John, baba Daniel, mama Shea! Mmoja 1892, mwingine 1895. Wa 1895 kitongoji kiko Tuosist.

Kipanga
Tafuta karatasi zake za uraia wa Marekani, za baada ya Septemba 1906 huandika siku na mahali pa kuzaliwa. Na ndoa ya wazazi umeitafuta Kenmare peke yake? Tuosist imepakana na kaunti ya Cork, jaribu na wilaya ya Castletown.